Dozi ya warfarini imepandishwa Jumatatu, mbona INR ya Jumatano haijashtuka?

Swali hili nalisikia sana hapa Tanga, hasa kwa watu wenye wazazi waliowekewa valvu ya moyo Dar, kwenye Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, wakarudi zao Makorora au Mwambani na vidonge vya warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande ovyo, na kidaftari cha namba za INR, kipimo cha damu inachelewa kuganda kiasi gani, namba ikipanda inachelewa zaidi. INR ilikuwa 1.5, dokta kapandisha dozi, siku mbili baadae wanapima ni 1.6. Basi hapo kila mtu ana lake, wa kwanza anasema dawa feki, wa pili anasema mama kala kisamvu, wa tatu anasema mashine mbovu. Dada mmoja wa Chumbageni alinambia kabisa, "kaka, mi namuongezea mama nusu kidonge, hii namba imegoma." Nikamwambia dada yangu, mama msalimie sana, shikamoo yake, lakini hiyo nusu iache kwanza mpaka uongee na dokta wake, maana namba haijagoma. Namba iko nyuma.

Na hiyo ndo habari yenyewe ya leo. INR unayoipata leo inajibu vidonge vya siku kadhaa zilizopita, cha jana usiku bado hakijafika huko. Watu wa hesabu za dawa wameishughulikia hii kitu zaidi ya miaka 50 na wana milinganyo inayoonyesha kwa nini inachelewa, inachelewa kiasi gani, na kwa nini ukiikimbiza utaumia.

Tuanze na dawa inafanya nini. Ini linatengeneza protini za kugandisha damu, zile wanazoziita kwa namba, faktari ya 2 (hii ndo protrombini), ya 7, ya 9 na ya 10. Zote nne zinahitaji vitamini K ili zitoke zimekamilika. Vitamini K ikishatumika inatakiwa irudishwe katika hali ya kutumika tena, na kuna kimeng'enya kinachofanya hiyo kazi, sasa warfarini inakikaba hicho kimeng'enya. Ini linaendelea kutoa protini lakini nyingi zinatoka hazijakamilika, hazigandishi kitu. Lakini protini zilizokwisha kutoka jana na juzi, ziko kwenye damu tayari zinazunguka, warfarini haizigusi kabisa. Zile zitaisha kwa wakati wake.

Chukulia simtanki la juu ya nyumba. Maji yanaingia kwa bomba la juu na yanatoka kwa bomba la chini, saa zote, na kina kinabaki pale pale kwa sababu kinachoingia ni sawa na kinachotoka. Warfarini inabana bomba la juu tu, la chini inaliacha lilivyo. Ndo maana hata ukilifunga la juu kabisa kabisa, tanki halikauki dakika hiyo, linashuka kwa kasi ya bomba la chini, na hiyo kasi huwezi kuiongeza hata umeze kopo zima la vidonge (usimeze).

Sasa kasi ya hilo bomba la chini kila protini ina yake. Faktari ya 7 inapungua nusu kwa kama saa 6. Protrombini inachukua kama saa 60, siku mbili na nusu. Tufanye hesabu, tuseme ini limefungwa kabisa, hakuna protini mpya hata moja. Baada ya saa 24 faktari ya 7 imebaki asilimia 6 hivi, imekwisha. Protrombini je? Bado ipo asilimia 76. Saa 48, asilimia 57. Saa 72, asilimia 44. Yaani siku tatu nzima za kufunga kabisa, kitu ambacho dozi ya kawaida haikifanyi hata kidogo, na bado protrombini karibu nusu ipo.

Kwenye karatasi inaandikwa hivi, na usiogope maana ni mstari mmoja tu: mabadiliko ya P kwa saa = utengenezaji × (1 − C ÷ (C + C50)) − kasi ya kuondoka × P. Hapo P ni kiasi cha protini, C ni kiasi cha warfarini kwenye damu, na C50 ni kile kiasi cha dawa kinachopunguza utengenezaji mpaka nusu. Nagashima, O'Reilly na Levy walionyesha mwaka 1969 kwamba ukitaka kuielewa warfarini lazima uangalie namna inavyozuia utengenezaji, ukiangalia kiwango cha dawa na muda wa damu kuganda siku hiyo hiyo huoni uhusiano wa maana. Mwaka 1993 Dayneka, Garg na Jusko wakaipanga hii familia yote ya milinganyo, ile ambayo dawa inagusa kinachoingia au kinachotoka badala ya kugusa jibu lenyewe, na mpaka leo watu wa fani wanaitumia.

Uitazame vizuri hiyo sehemu ya C ÷ (C + C50). Dawa ikiwa sawa na C50, utengenezaji unabaki nusu. Ukiipandisha dawa mara mbili, utengenezaji hauendi robo, unabaki theluthi moja. Mara tatu ndo robo. Kwahiyo kuongeza dozi mara mbili hakuongezi matokeo mara mbili, upande wa protini. Lakini alafu kuna mchezo wa upande wa pili, INR yenyewe haipandi kwa mstari ulionyooka, protini zikishuka kutoka 100 mpaka 50 INR inasogea kidogo sana, zikiwa tayari chini, kupungua kidogo tu INR inaruka. Hesabu mbili zilizopinda zinazokutana, moja inapunguza moja inaongeza, na ndo maana kukisia kwa jicho kunawashinda hata wazoefu.

Na dawa yenyewe nayo inajilimbikiza. Warfarini inapungua nusu kwa kama saa 40, kwahiyo kila baada ya saa 24 inabaki karibu theluthi mbili. Meza miligramu 5 kila jioni: siku ya kwanza una 5 mwilini, ya pili 8.3, ya tatu 10.5, ya nne 11.9, ya tano 12.9, ya saba 13.9, na mwisho inatulia karibu 14.7. Wiki nzima dawa inapanda bila wewe kubadilisha kitu. Na ikishatulia ndo protrombini inahitaji siku zake nyingine ifike chini inapotakiwa. Kuchelewa juu ya kuchelewa.

Haya sasa chukua mgonjwa wa mfano. Jumatatu INR 1.5, dozi inatoka 5 kwenda 6. Jumatano 1.6, mtu anakosa subira, inapanda 10. Jumatatu inayofuata anapima anakuta 4.8, kila mtu mkono kichwani, dawa inasimamishwa siku tatu, INR inadondoka 1.3, inaanza upya. Mgonjwa huyo anaandikwa kwenye faili "INR haitulii" na lawama anapewa yeye na mboga zake. Ukiiweka kwenye mlinganyo unaona ile 6 huenda ingemfikisha alikotakiwa kama ingeachwa tu ifanye kazi yake. Ndo maana miongozo mingi, mtu aliyekwisha zoea dawa akitoka nje kidogo, inasema badilisha asilimia 5 mpaka 20 ya dozi ya WIKI, sio ya siku, alafu subiri. Kwa mgonjwa wa valvu ya chuma ya mitrali (mojawapo ya valvu za moyo) lengo huwa 2.5 mpaka 3.5, kwa mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio au damu iliyoganda mguuni ni 2 mpaka 3, lakini lengo la kwako ni lile dokta wako aliloandika, usichukue la jirani.

Wiki ya kwanza ina mtego wake peke yake na huu naupenda kwa sababu bila hesabu hauonekani kabisa. Siku ya pili ya tatu INR inaweza kupanda, mtu anafurahi, tayari tumeingia kwenye lengo. Kumbe iliyoshuka ni ile faktari ya 7 ya saa 6, na kipimo kinaisikia haraka. Protrombini, ambayo kupungua kwake ndo kunazuia mabonge ya damu hasa, bado iko juu. Tena kuna protini C, hii kazi yake ni kuzuia damu isigande ovyo, nayo inategemea vitamini K na inapungua nusu kwa kama saa 8, kwahiyo siku za mwanzo unaweza kuwa na kinga ndogo kuliko kabla ya kuanza dawa huku namba inakwambia uko salama. Ndo sababu mtu mwenye bonge la damu anachomwa zile sindano za heparini, dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, pamoja na vidonge kwa siku zisizopungua 5, na mpaka INR iwe imekaa 2 au zaidi kwa saa 24. Watu wanalalamika sindano za tumboni zinauma na hela inatoka, kweli, lakini wanaziba pengo ambalo lipo.

Kuhusu INR yenyewe kidogo. Maabara wanachukua damu, wanaweka kitu kinaitwa tromboplastini, kinachoamsha kuganda, wanahesabu sekunde mpaka igande. Wanagawa kwa sekunde za mtu wa kawaida, alafu wanapandisha kwa kipeo kinachoitwa ISI, ambacho kinatokana na aina ya tromboplastini. Sekunde 30 kugawa 12 ni 2.5, ISI ikiwa 1 INR ni 2.5. Uwiano huo huo wa 2.5 kwenye maabara yenye ISI ya 1.4 unakuwa INR ya 3.6. Hiyo ISI isipoandikwa sawa kwenye mashine, dozi inabadilishwa kwa kosa ambalo halimo kwenye mwili wa mtu. Kwahiyo ukiona namba imeruka ghafla na hujabadilisha chochote, na hasa kama umepima sehemu nyingine tofauti na siku zote, omba kurudia kabla ya kubadili dozi.

Sasa kwa nini mama wa Chumbageni anahitaji miligramu 9 na baba wa Pongwe mwenye umri ule ule anatosheka na 3? Hapa wanaingia jeni. Jeni ya VKORC1, iliyotambuliwa mwaka 2004, ndo inayotoa kile kimeng'enya kinachokabwa, kwahiyo kwenye mlinganyo wetu inagusa C50. Jeni ya CYP2C9 inatoa kimeng'enya cha ini kinachoisafisha sehemu kali ya warfarini, kwahiyo inagusa C, dawa inakaa muda gani. Ongeza umri, uzito, dawa zingine. Mwaka 2009 kundi la kimataifa likatoa fomula kutokana na wagonjwa zaidi ya 5,000, unaingiza umri, urefu, uzito, jeni, unapata makisio ya dozi ya wiki. Uppsala kule Sweden, Hamberg na wenzake mwaka 2007 walikwenda mbali zaidi, wakajenga modeli, yaani mfumo wa milinganyo, yenye njia mbili, moja ya haraka na moja ya polepole, ili INR ya kila siku ifuatiliwe ikipanda na ikishuka.

Nzuri. Ila tuulizane, hizo data za nani? Nyingi za Wazungu na Waasia. Yale mabadiliko ya CYP2C9 waliyozoea kuyapima, yanayoitwa *2 na *3, kwa Waafrika ni machache, sisi tunayo zaidi *5, *6, *8 na *11 ambayo vipimo vingi vya mwanzo havikuyatazama. Na lile badiliko la VKORC1 linalomfanya mtu ahitaji dozi ndogo, kwa Waasia ni la kawaida sana, kwa Waafrika ni adimu, na hii ni sababu mojawapo ya wastani wa dozi kwa Waafrika kuwa juu. Mwaka 2013 kwenye jarida la Lancet ikatoka habari ya badiliko lingine kabisa, karibu na hizo jeni za CYP2C, linalopunguza dozi inayohitajika kwa Wamarekani weusi, halikuwemo kwenye fomula.

Matokeo yakaonekana mwaka huo huo. Jaribio la EU-PACT huko Ulaya, wagonjwa 455 karibu wote Wazungu, waliopewa dozi kwa jeni walikaa ndani ya lengo asilimia 67.4 ya muda, wengine 60.3. Jaribio la COAG la Marekani, wagonjwa 1,015 mchanganyiko, tofauti hakuna kwa ujumla, lakini kwa Wamarekani weusi waliopangiwa kwa jeni walikaa ndani ya lengo asilimia 35.2 na waliopangiwa bila jeni 43.5. Yaani kipimo cha gharama kimewaharibia. Mi naona hili ndo somo kubwa kuliko yote kwenye hii stori, modeli inajua watu iliyofundishwa nao, wengine inawakisia.

Dawa ya hilo tatizo ipo, na haihitaji maabara ya jeni. Inaitwa njia ya Bayes. Unaanza na makisio ya watu wote, tuseme miligramu 35 kwa wiki lakini huenda ni 15 huenda ni 70, uwanja mpana. Inakuja INR ya kwanza. Modeli ilitegemea 2.2 na imekuja 1.4, basi programu haisemi mgonjwa mkaidi wala haikimbilii kuamini namba moja, inasogeza makisio kidogo kuelekea mtu anayehitaji dozi kubwa, na kusogea kwake kunategemea inaiamini kiasi gani ile namba. INR ya pili inasogeza tena, ya tatu tena, na uwanja unazidi kuwa mwembamba. Kadiri INR zako zinavyoongezeka, faida ya kujua jeni zako inapungua, kwa sababu mwili wako umeshajisemea. Kwa mtu wa Pangani au Mkinga ambae kipimo cha jeni hata hafikirii, hii ni habari njema, kidaftari chake ndo data.

Ila kidaftari kiwe na vitu modeli inavyovihitaji. INR na tarehe, sawa, wengi wanayo. Wengi hawaandiki siku walizosahau kidonge, wanaona aibu, dokta atagomba. Sasa fikiria, INR 1.6 na vidonge viwili vimesahaulika Ijumaa na Jumamosi, hiyo ni dozi sahihi ambayo haikumezwa. INR 1.6 na hakuna kilichosahaulika, hiyo ni dozi ndogo. Namba moja, maana mbili tofauti kabisa, na ukinyamaza, hesabu inakupandishia dozi usiyoihitaji, alafu wiki ijayo unakuwa mwema unameza vyote, unatoka damu kwenye fizi.

Chakula. Hapa Tanga hutamnyima mtu kisamvu cha nazi wala mchicha wala matembele, na wala haitakiwi. Mboga za majani zina vitamini K nyingi, ndio, lakini kwenye mlinganyo inayosumbua ni mabadiliko. Mtu anaekula bada na kisamvu mara tatu kwa wiki mwaka mzima, dozi yake imeshapangwa juu ya hicho kisamvu. Akiambiwa na shangazi aache mboga zote, INR inapanda. Tena watu wanaokula vitamini K kidogo sana wanaonekana kuyumba zaidi, maana sahani moja ya mchicha kwao ni mshtuko. Machungwa ya Muheza kuleni, vitamini K yake ndogo. Ramadhani ndo ya kuangaliwa, mlo unabadilika na saa ya kidonge inabadilika, pangeni na dokta kabla mwezi haujaandama.

Dawa zingine hizo ndo zinavunja modeli kweli kweli. Rifampisini ya TB inaliamsha ini lisafishe warfarini haraka, dozi inaweza kuhitaji kupanda sana, na ikisimamishwa inatakiwa kushushwa tena polepole, ukisahau hilo la kushusha ni hatari kuliko la kupandisha. Septrini, flajili na flukonazo zinafanya kinyume, INR inapaa. Diklofenaki na aspirini zinaweza kukutoa damu hata INR ikiwa nzuri, kwahiyo usimeze ya mgongo kwa sababu tu namba ni 2.5. Mitishamba, mwambie dokta, modeli haina mstari wa mitishamba. Na mwanamke anaetaka mimba aseme mapema, warfarini inadhuru mtoto hasa wiki ya 6 mpaka ya 12. Choo cheusi kama lami, mkojo mwekundu, kuanguka na kugonga kichwa, usisubiri kliniki, nenda hospitali.

Kuna hesabu moja unaweza kuifanya mwenyewe nyumbani bila kugusa dozi, ni ya Rosendaal ya mwaka 1993, ya kupima umekaa ndani ya lengo muda gani. Unachora mstari kati ya vipimo viwili na unachukulia INR imetembea sawasawa. Tuseme lengo ni 2 mpaka 3, INR ilikuwa 1.6, siku 16 baadae 3.2, yaani 0.1 kila siku. Siku 4 za kwanza ulikuwa chini ya 2, siku 10 ndani, siku 2 juu ya 3. Kumi kwa kumi na sita, asilimia 62.5. Vipimo vyote viwili viko nje ya lengo na bado muda mwingi ulikuwa salama. Mwingine ana vipimo viwili vizuri na katikati aliyumba, hesabu hii haitamuona, ndo udhaifu wake, na ndo maana vipimo vikiachana miezi hesabu hii haina maana sana.

Najua swali linalofuata, kwa nini tusihamie zile dawa mpya kama rivaroksabani, hazihitaji INR. Kwa wengine inawezekana, na tangu 2019 dawa za kundi hilo zimo kwenye orodha ya WHO ya dawa muhimu. Lakini mwenye valvu ya chuma, hapana, dabigatrani, nayo ni ya dawa hizo mpya, ilijaribiwa kwao na jaribio likasimamishwa, matokeo yalitoka 2013, mabonge zaidi na kutoka damu zaidi. Na wale ambao moyo umeharibiwa na homa ya baridi yabisi ya utotoni na mapigo hayana mpangilio, ambao kwetu ni wengi na wengi ni kina mama wadogo, jaribio la INVICTUS la 2022, lililofanyika Afrika, Asia na Amerika ya Kilatini, lilikuta waliokuwa kwenye dawa za kundi la warfarini walikufa wachache kuliko wa rivaroksabani, pamoja na kwamba INR zao hazikuwa zimetulia vizuri. Kwahiyo hao wanabaki na kidaftari, na dozi ikibadilishwa leo, kipimo cha maana ni cha wiki ijayo, cha keshokutwa ni cha kuangalia usalama tu.